Programu Iliyojua Saa ya Kiswahili

Vijana wa karakana, nimewaachia meza safi kwa mara ya kwanza tangu mnifahamu, na chini yake boksi la nyaya ambazo nyingi hamtazijua. Kabla hamjalitupa, someni haya. Nimeyaandika kwa kalamu kwa siku nne, maana macho yangu hayataki tena mwanga wa skrini, na ndiyo hasa sababu ya mimi kuacha kazi. Mikono bado inaweza.

Cheti sina, mnajua. Niliacha shule darasa la sita, Ilomba, Mbeya, siku nilipogundua kwamba redio ya shangazi inafunguka kwa kisu cha mezani. Kuifunga kulinichukua wiki mbili, na wiki zote mbili shangazi hakunisemesha. Baada ya hapo sikutulia. Nilipakia viazi Uyole, nikawa utingo wa lori la Tunduma, nikakaa Makambako miezi mitano bila sababu ninayoweza kuieleza hata leo. Kila nilipofika nilitaka kujua kitu fulani kinafanyaje kazi, na nikishajua nilitaka kuondoka. Kompyuta ndiyo kitu cha kwanza ambacho sikukimaliza.

Siku ya kwanza niliiona kwenye steshenari ya Mama Neema, hapohapo Ilomba, nilipopeleka maboksi ya karatasi kichwani. Mama Neema alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye mji mzima ulimpelekea barua zake azipige chapa. Aliniambia nisimame mlangoni, nisiguse kitu, akaenda kumtolea mteja nakala. Niligusa.

"Umefuta nini?" aliniuliza aliporudi.

"Sijui, mama."

"Hujui umefuta nini, au hujui kama umefuta?"

"Vyote viwili."

Alinitazama juu ya miwani. "Basi kaa hapo. Wale wanaojua wameshaniulia kompyuta mbili."

Nilikaa miaka mitatu, ambayo kwa mtu kama mimi ni maisha. Kazi iliyonishika pale ilikuwa moja: watu walikuwa wanaleta kompyuta mpya, halafu programu yao ya zamani inagoma. Daktari wa meno na programu yake ya kadi za wagonjwa. Shule na programu yake ya ratiba. Kompyuta mpya inawaka vizuri, picha nzuri, na ukiibonyeza ile programu ya zamani inakujibu kwa adabu kwamba haiwezi kufanya kazi hapa. Sababu hazikuwa nyingi. Nyingine ilitaka kuandika kwenye folda ambayo siku hizi imefungwa. Nyingine ilitafuta printa kwenye tundu ambalo kompyuta za sasa hazina. Nyingine ilikuwa ya kizazi cha zamani mno, na mfumo mpya hauelewi lugha yake kabisa, hata uupe ruhusa zote za dunia.

Mama Neema alinifundisha kwamba kabla sijahamisha programu nikae na anayeitumia nusu siku nzima, nitazame vidole vyake. "Atakwambia anabonyeza moja, mbili, tatu," alisema. "Wewe utaona anabonyeza moja, mbili, tano, halafu anaipiga kofi." Nilinunua daftari. Kuna mhasibu mmoja niliandika kwamba huchomoa kipanya na kukirudisha kila akitaka kuchapisha. Nilipomhamishia programu yake ikawa haihitaji tena hivyo, alinipigia simu mara mbili kuuliza kama kweli imechapisha, na karatasi anayo mkononi.

Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi moja yenye mpini wa utepe, mswaki wa kusafishia vumbi, mkoba wa CD za mifumo yote ya zamani niliyoweza kuipata, na hofu. Hofu naihesabu kama kifaa. Sijawahi kuhamisha data ya mtu bila kuibeba, na siku ile moja nilipoiacha ndipo nilipokosea. Hiyo siku ndiyo ninayotaka kuwaandikia.

Nilikuwa nimeshahamia Iringa, nimepanga chumba Kihesa. Pale karibu kulikuwa na redio ndogo, vyumba viwili na mnara, ambayo watu wa mkoa waliisikiliza hasa kwa kitu kimoja: matangazo ya vifo ya saa moja jioni. Mjini mtu akifa habari inakimbia kwa simu. Lakini kuna vijiji ambavyo mtandao hauingii, na kuna kambi za wapasua mbao katikati ya misitu ya mipaina ya Mufindi, ambako mtu anaweza kukaa wiki tatu simu yake ikiwa ni tochi tu. Kule redio ya betri ndiyo inayowaambia nani amefariki na anazikwa lini.

Matangazo yale yalikuwa yanaendeshwa na programu moja ya zamani, iliyoandikwa na mtu aliyekuja kujitolea na kuondoka. Unarekodi tangazo, unalipangia saa, unaondoka. Saa ikifika linatoka lenyewe hewani. Mtangazaji alikuwa Vumilia, dada wa Kihesa mwenye sauti ambayo hata ikisema bei ya nyanya unataka kuvua kofia.

Siku ya kwanza niliyokwenda kuiangalia ile kompyuta niliona saa yake iko nyuma kwa saa sita. Nikajua betri ndogo ya ndani, inayoshika saa, imekufa, ugonjwa wa kawaida, nikapeleka kipanya pembeni kuirekebisha. Vumilia alinipiga kofi mkononi.

"Kaka, saa usiiguse."

"Iko nyuma, dada."

"Nyuma ya nini? Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Isome."

Nilisoma. Ilikuwa imeandika nne kamili.

"Ikiandika AM ni mchana," alisema, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Jua likizama inaandika PM, ndiyo usiku. Tarehe inabadilika alfajiri, watu wakiamka. Sasa wewe mtu wa Mbeya unataka niseme saa nne kwa mdomo, halafu mkono uandike kumi? Nikichanganya, nani atazikwa bila ndugu zake?"

Niliondoa mkono kwenye kipanya. Waliotangulia pale waliiweka saa ya Kiswahili ndani ya kompyuta, na kwa miaka yote hiyo hakuna tangazo lililokosea. Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari: saa ya Kiswahili, usiguse.

Kisha meneja wa redio akaleta kompyuta mpya, maana ya zamani ilikuwa inakoroma. Programu, kama nilivyotarajia, iligoma. Niliijaribu kwa hila zote za kuufanya mfumo mpya ujifanye wa zamani. Ilikuwa ya kile kizazi ambacho hakieleweki tena. Nikafanya ninachowafundisha ninyi kufanya: nikatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Ndani ya ile mpya nikafungua dirisha, ndani ya dirisha nikapakia mfumo wa zamani, na ndani ya mfumo wa zamani programu ikaamka kama haijawahi kuhama. Saa ya kompyuta ya nje niliiacha ijichukulie yenyewe kutoka kwenye mtandao, saa ya Kizungu. Ya ndani nikaipeleka nyuma saa sita. Nikaizima kwa utaratibu na kuiwasha, ilibaki nilivyoiweka. Nikaongeza na kitu cha kujivunia: umeme ukikatika na kurudi, kila kitu kijifungue chenyewe, mpaka programu, bila mtu kugusa.

Nikaandika kwenye daftari: imekamilika. Hofu sikuwa nayo hata chembe.

Siku tano baadaye, Alhamisi saa nne asubuhi, nilikuwa pale studio nikiunga waya wa hedfoni. Aliingia mama mmoja wa Ipogolo, mtu mzima, kanga mbili, amefuatana na wifi yake. Mume wake alikuwa amefariki alfajiri ile. Vumilia alisimama, akamshika mikono yote miwili, akamwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Pole sana."

"Asante mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Festo. Ni mwanangu wa kwanza, anapasua mbao Mufindi. Simu yake haipatikani tangu Jumapili." Akageuka, akautazama mnara dirishani. "Hii inafika kule kweli?"

"Inafika, mama."

"Ananiambia saa moja hawakosi. Anasema, mama, kule tunakula tukisikiliza nani kafa."

"Basi atasikia."

"Baba yake alisema asizikwe kabla Festo hajafika. Lakini shemeji zangu wamesema kesho saa nane, mwisho saa tisa. Watu wametoka mbali, na chakula chenyewe ndicho hicho."

Akisikia jioni ile, angepata lori la mbao la alfajiri na kufika Ipogolo kabla ya mchana. Asiposikia, hakuna njia nyingine. Sote mle chumbani tulilielewa hilo. Vumilia alirekodi tangazo mara mbili, akachagua la pili, akaandika saa: moja, PM. Mama alipoondoka alinipa mkono na mimi, akidhani nami ni mtangazaji.

Saa tano umeme ukakatika. Jenereta ikaungurumishwa, kompyuta ikawaka, dirisha likafunguka, programu ikajifungua yenyewe. Nilisimama nikaitazama kama mzazi. Sikuitazama saa yake. Nikafunga mkoba nikaondoka, na Vumilia naye akatoka kwenda kwenye mkutano wa kata.

Mmeshajua. Kompyuta ya ndani ilipozimika kwa ghafla ilipoteza saa niliyoipa, na ilipoamka ikamuuliza wa nje: saa ngapi? Wa nje akamjibu kwa Kizungu.

Saa moja jioni nilikuwa kwa mama lishe, Kihesa, na redio juu ya kabati. Badala ya ule wimbo wa kinanda unaotangulia vifo, ulitoka muziki wa kucheza, ule ambao Vumilia huwapangia madereva wa malori saa saba usiku.

"Leo hakuna aliyekufa," alisema mzee mmoja kwenye benchi.

"Mungu mkubwa," alisema mwingine.

"Au aliyekufa leo ni msomaji."

Walicheka. Niliosha mikono na ugali ungali sahanini.

Nilipofika studio Vumilia alikuwa ameshatangulia, amekimbia kutoka kwake na kanga ya jikoni. Saa ya ndani ilisomeka saa saba na dakika ishirini, PM. Nilifungua orodha ya siku. Mbele ya tangazo la Ipogolo kulikuwa na alama ya kijani: limetoka. Lilitoka saa saba mchana, wakati misumeno ya Mufindi yote inanguruma na hakuna mwenye redio. Programu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imefanya sawasawa ilivyoambiwa.

Vumilia alizima muziki, akafungua maikrofoni, akaomba radhi, akasoma kwa karatasi. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Akasoma tena saa mbili, na saa mbili na nusu, na saa tatu. Baada ya ile ya kwanza simu ililia. Alisikiliza, halafu akaniangalia, nikaichukua.

"Tumeiweka redio mezani," alisema yule mama. Nyuma yake nilisikia watu wengi walionyamaza. "Nimewaambia watu wanyamaze wamsikie marehemu akitajwa. Ukatoka muziki."

"Mama, aliyekosea ni mimi. Mimi ndiye fundi."

"Sijauliza nani amekosea. Nauliza, mwanangu amesikia?"

Nilisema sijui. Lilikuwa neno la kweli, na sijawahi kusema neno zito kuliko hilo.

Kesho yake nilikwenda Ipogolo, nikasimama karibu na uzio pamoja na watu ambao hawakunijua. Kila lori lililoshuka barabara kuu nililitazama mpaka lipite. Saa nane ilipita. Saa tisa ndugu walikaa kikao kifupi pembeni, wakasogeza nusu saa, na mama akakaa kwenye mkeka akitazama njia badala ya jeneza. Mawingu yalipofunga, mchungaji alimwinamia akamwambia kitu, naye akaitikia kwa kichwa. Walizika saa kumi kasoro robo. Festo hakuwepo.

Jioni ile nilikunja nguo zangu. Zilitosha begi moja, kama siku zote. Nilikuwa nimeshaondoka miji mingi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Sijui kilichonizuia. Nadhani nilitaka kujua kama Festo angekuja kuniuliza, na udadisi wangu haujawahi kunipa ruhusa ya kuondoka katikati.

Hapa niwape la kazi, maana ndilo mtakalolihitaji. Mkishahamisha programu ya zamani, msiizime kwa utaratibu tu mkaridhika. Chomoeni waya ukutani, ikiwa inafanya kazi, mbele ya mwenye nayo. Urudisheni, kisha tazameni kila kitu ambacho yeye hukitazama: saa, tarehe, printa, herufi. Halafu chomoeni tena. Nilikuwa nimetazama vidole vya Vumilia nusu siku nzima, nikajua kila alichobonyeza. Umeme wa pale, ambao ulikatika karibu kila wiki, sikuukalia hata dakika moja.

Festo alikuja Jumatatu. Alikuwa mrefu, na mikono imeganda utomvu ambao sabuni haiutoi. Alimwamkia Vumilia, kisha akauliza, "Fundi ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Nimeambiwa tangazo lilitoka mchana."

"Ndiyo. Saa saba. Lilipaswa kutoka jioni. Saa niliiweka vibaya."

"Jioni tulisikia muziki. Tukasema leo wamepumzika, tukazima, betri zenyewe ndizo hizo. Nimeambiwa na dereva Jumamosi, anapakia mbao, anasema, wewe si mtoto wa yule mzee aliyezikwa jana?"

Niliiweka bisibisi mezani.

"Lipo bado?" aliuliza.

"Tangazo? Lipo."

"Nataka kulisikia."

Vumilia alimpa kiti, Festo akakataa kukaa. Nilibonyeza. Kinanda kikapiga, kisha sauti ya Vumilia ikaanza: familia ya marehemu inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwake Ipogolo. Habari ziwafikie dada yake aliyeko Makambako, wajukuu wote, na mwanawe Festo, popote alipo huko Mufindi. Mazishi ni kesho saa nane mchana.

Kwenye jina lake aliinua kichwa kama mtu anayeitwa kutoka nje.

"Rudia," alisema.

Nilirudia. Safari hii kinanda kilipoanza alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Vumilia wa kwenye spika alipofika kwenye maneno popote alipo, Festo alijibu, taratibu, "Nipo." Vumilia wa kweli aligeukia ukutani.

Tangazo lilipokwisha alivaa kofia yake.

"Mashine haikujua kwamba kuna mtu anasubiri," aliniambia. Hakuwa na hasira; alikuwa ananieleza kitu ambacho alidhani sikijui. "Hii isomwe na mtu. Mtu ataona kama giza limeingia."

"Sawa."

"Sikulaumu sana," alisema, akafikiri kidogo. "Nakulaumu kiasi."

Alimpa Vumilia mkono. Mimi alinigusa begani akipita, akashuka kwenda kutafuta lori.

Miaka yangu yote ya kazi nimeitumia kuzuia programu za zamani zisife. Mchana ule nilikaa kwenye ile kompyuta nikafungua ratiba, nikaifuta safu nzima ya vifo, Vumilia akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Tangazo la Festo pekee nililiacha, pembeni, bila saa. Programu ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Saa moja jioni ilipofika, kwa saa ya ukutani na kwa giza la dirishani, Vumilia alivuta maikrofoni karibu, akanyoosha karatasi tatu za siku ile, akaanza kusoma, nami nikabaki nimekaa pale mpaka akamaliza.